Nilisema Gari la Mzee Lokwang Ni la Uongo

Wewe unayenisoma, sogea karibu kidogo. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi nikijifanya shujaa wake, na leo nataka kukisimulia jinsi kilivyokuwa. Nilikosa. Nilikosa mchana kweupe, nikiwa na tochi mkononi na watu wakinisikiliza kwa heshima.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa nikifundisha umakanika hapa Lodwar. Kwa asili mimi ni mtu wa kueleza. Ukiniuliza saa ngapi, nitaanza na jinsi saa inavyotengenezwa. Wanafunzi walinipenda kwa hilo, nami polepole nikaanza kuamini kwamba kueleza ndiko kujua.

Kule Kakuma, nyuma ya duka moja, palikuwa na gari kuukuu, refu, la rangi ya mchanga. Magurudumu hayakuwapo tena. Lilikaa juu ya mawe na kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Mzee Lokwang, mfugaji wa hapo, alisema gari hilo lilimbeba mkubwa wa jeshi wakati wa vita vya pili vya dunia, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa dereva. Karatasi zake za jeshi zililiwa na mchwa. Gari ndilo lililokuwa shahidi wake pekee.

Kamati ya sherehe ya Lodwar ilitaka kulivuta gari hilo lije liwekwe mjini, na ubao wenye jina la Mzee Lokwang. Lakini mjumbe mmoja akauliza: je, kama mtu alilipaka tu rangi ya jeshi? Wakasema niitwe mimi, nilikague.

Nilipanda lori la kamati nikiwa nimepiga pasi suruali. Kwenda kulala chini ya gari, nimepiga pasi.

Watu walikuwa wamejaa. Mzee Lokwang alisimama pale amevaa koti zito la jeshi, katika joto lile.

"Ejok, Mwalimu," akanisalimu.

"Ejok, Mzee."

"Mwalimu, hii gari, kwanza ilikuwa ya mzungu ya mashamba..."

"Ngoja kidogo, Mzee," nikamwambia, kwa upole kabisa. "Kwanza nikueleze kitu."

Nilitaka kumweleza gari aliloliendesha yeye. Hebu fikiria.

Nikatoa kisu kidogo nikakwaruza bampa. Chini ya rangi pakang'aa kama kioo. Nikasimama, nikajipangusa magoti, nikaanza somo. Gari la jeshi, nikasema, hutoka kiwandani likiwa limepakwa rangi lote, haling'ai popote, kwa sababu likimetameta juani ndege ya adui italiona. Hili lina bampa ya kung'aa kama gari la tajiri. Kwa hiyo ni gari la tajiri, limepakwa rangi baadaye. "Tena tazameni alama hizi za brashi. Kiwanda gani kinapaka gari kwa brashi?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti akaandika.

Mzee Lokwang akasema, "Mwalimu, ukipata ngamia kwa mtu mwingine, si unapiga chapa yako juu ya chapa yake? Sasa hiyo ngamia si yako?"

"Mzee, hapa tunazungumza mambo ya chuma," nikamjibu. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

"Kumbe ni Dereva wa Rangi!" mwenye duka akapaza sauti, na jina likashika papo hapo. Mzee alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka begani, akaondoka bila kugeuka.

Wiki hiyo hiyo mwenye duka aliwaachia wahunzi gari lile. Wakalikata. Likawa kengele za mbuzi na hori za kunyweshea mifugo.

Miezi ikapita. Akaja Lodwar fundi mmoja Mhindi, mtu mzima sana, ametoka Kitale kutengeneza injini ya pampu ya maji. Tukiwa tunakunywa chai nikamsimulia kisa cha gari la uongo, ili tucheke. Hakucheka.

"Rangi ilikuwa nzito karibu na taa?" akauliza.

"Nzito sana. Na imechuruzika. Huyo mlaghai alikuwa fundi mbovu."

"Huyo fundi mbovu ni mimi, bwana."

Akanieleza, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi. Vita vilipoanza jeshi halikuwa na magari ya kutosha, likachukua ya wazungu wa mashamba. Yeye na wenzake waliletewa magari mengi kwa pamoja, wakapewa rangi na brashi na siku mbili. Nani angekuwa na nafasi ya kung'oa bampa? Walipaka juu yake.

Chai ikanipoa mkononi. Kile nilichowaonyesha watu kuwa ushahidi wa uongo kilikuwa ndio ushahidi wa kweli. Na Mzee alikuwa ameanza kuniambia hilo hilo. Nilimkatiza kwenye "mzungu ya mashamba".

Nikaenda Kakuma siku ya mnada wa mifugo, watu wakiwa wengi na Mzee akiwamo, nikasimama mbele ya lile duka. Nikasema kwa sauti: gari lilikuwa la kweli, Mzee Lokwang alisema kweli, aliyekosea ni mimi.

"Nani alikuambia?" akauliza Mzee.

"Fundi aliyelipaka rangi."

"Ah. Mhindi amesema, sasa umeamini."

Watu wakacheka, na zamu hii sikuwa na wa kucheka naye. Nikamwambia nimemletea mbuzi wa kuomba radhi.

"Mbuzi ninazo. Kaa chini. Nitasema kutoka mwanzo, na wewe hapana fungua mdomo."

Nikakaa chini. Alianza asubuhi, akamaliza jua limeshapinduka. Mara tatu nilitaka kumrekebisha habari za injini, na mara tatu aliinua fimbo yake. Watu walewale waliomwita Dereva wa Rangi walisogea, wakawa wanauliza, "Halafu?" Alipomaliza, mwenye duka alimletea chai na kumwita Dereva, basi, bila neno jingine.

Lakini gari halipo. Lodwar hapana ubao wenye jina lake, na hakuna maelezo yangu yatakayounganisha kengele zile ziwe mlango wa gari tena. Kamati haijaniita tangu siku hiyo. Nikianza kufafanua jambo hotelini, hakosi mtu wa kuniuliza, "Mwalimu, mwenyewe amemaliza kusema?"

Nawe, rafiki yangu, hujachelewa; jambo lenyewe ni rahisi. Ukiitwa kukagua kitu cha kale, mtafute kwanza aliyekitumia. Muulize kilitoka wapi kabla hakijamfikia, nyamaza mpaka amalize, uandike alichosema. Ndipo utoe kisu, ukwaruze.