Upote wa Manyoya ya Mbega

Huko Mtunda, aliyetaka kujua kama upinde ni kazi ya Miraji hakuutazama, aliusikiliza. Upinde wa fundi mwingine ukiachiwa hulia ting! Paa aliye hatua thelathini husikia mlio huo, akainama, mshale ukapita juu ya mgongo wake. Upinde wa Miraji ulitoa sauti ndogo, kama kofi juu ya mto wa usufi. Paa alikufa angali anatafuna.

Siri ilikuwa kwenye upote, ile kamba ya kano anayoivuta mpigaji. Miraji aliufunga vishada viwili vya manyoya ya mbega, kimoja shibiri moja na nusu kutoka juu, kingine shibiri moja na nusu kutoka chini. Alivipaka nta ya nyuki visinywe umande. Na pale upote unapogonga ncha za upinde, alivisha ngozi laini. Alifundishwa na baba yake, naye baba yake alimwachia sharti moja tu: kishada kikilowa, kifungue. Kishada kilicholowa hunyamazisha upinde kuliko kikavu, lakini upote huwa mzito, na mshale huchoka njiani.

Alikuwa na masikio ya ajabu, Miraji. Akiwa ndani ya nyumba alijua nani anapita njiani kwa jinsi anavyoburuta mguu. Lakini maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Mkewe alikufa kwa uzazi, naye akamlea peke yake binti aliyebaki, jina lake Sikujua. Sikujua alipoolewa na Mussa, kijana mrefu wa Umatumbi mwenye kucheka hovyo, waliishi uani kwa baba huyo huyo, na Mussa akawa anamkatia miti ya pinde.

Mwaka wa vita ulianza ukiwa mwaka wa pamba. Watu walitolewa kwenye mpunga wao kwenda kulima pamba ya serikali ya Wajerumani, na Mussa alichapwa viboko kumi na tano kwa kuchelewa siku moja. Vidonda vilikuwa havijakauka habari za maji ya Ngarambe, dawa ya kuzishinda risasi, zilipofika. Mussa akaenda, akarudi siku ya tisa na kipande cha mwanzi chenye maji hayo shingoni.

"Baba," alisema, "bunduki zao zitatoa maji. Nimeona watu huko, wengi kama siafu. Sasa tunataka pinde kumi na mbili, zisizolia. Kuna kambi ya askari njia ya Mohoro. Alfajiri tunawaangusha walinzi wawili kimya kimya, kisha wenzetu wa mikuki wanaingia."

"Mnazitaka lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Hii inayokuja, baba."

"Na hao mbega wa kuvisha pinde kumi na mbili, utawapata wapi kwa siku sita? Utawaomba nywele?"

Maneno, rafiki yake Mussa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangusha gunia chini. Lilikuwa pamba tupu.

"Manyoya haya hapa, mzee! Tumeyalima wenyewe, kwa migongo yetu. Pamba ya Mdachi ndiyo imzibe Mdachi masikio."

Vijana waliokuja nao wakacheka mpaka wakashikana mabega. Miraji hakucheka. Aliichukua pamba, akaifikicha kwa vidole, akaona jinsi ilivyo na kiu. Nta aliyokuwa nayo haikutosha vishada ishirini na vinne. Lakini ilikuwa kiangazi, mvua haikutarajiwa, akasema moyoni kwamba ikikaa kavu itafaa. Alhamisi jioni alizijaribu zote kumi na mbili. Hazikulia.

Ijumaa, baada ya sala, akaja hongo. Ndivyo walivyoitwa wajumbe wa maji. Aliwanyunyizia watu, akawatajia tena miiko ambayo Mussa alirudi nayo Ngarambe: wasiibe, wasigeuke nyuma njiani, wasiwaguse wake zao mpaka vita viishe. Kisha akazitazama pinde zilizopangwa juu ya mkeka.

"Na silaha nazo zinywe. Fundi ndiye azinyweshe. Mkono uliozifunga ndio uzitie dawa."

Sikujua, mwenye mimba ya miezi miwili, alishika bakuli. Miraji alisimama mbele yake, na koo lake lilikuwa limebeba sentensi moja: kishada kikilowa, kifungue. Juma lililopita, mtu mmoja wa Mtawanya aliyesema maji ni maji tu alipigwa akapoteza jicho. Lakini si jicho lililomfunga Miraji kinywa. Alimtazama mkwewe, akaona uso uliotulia, uso wa mtu ambaye mgongo umeacha kumuuma. Mtu anayeiendea bunduki na podo la mishale anatembea juu ya imani yake tu. Ukimwondolea hiyo, unampa nini? Na pembeni mwa moyo, Miraji naye alitamani iwe kweli.

Akachovya mkono. Pamba ikanywa. Kishada baada ya kishada aliviona vikivimba na kuning'inia, vyote ishirini na vinne, huku watu wakiimba; umande wa usiku usingeviacha vikauke.

Alasiri ile aliingia ndani akatoa manyoya ya mbega aliyokuwa nayo, kidogo tu. Akasokota upote mwingine, mrefu kuliko wa kawaida, maana upinde wa Mussa ulizidi wa wenzake kwa shibiri nzima. Akaufunga vishada, akavipaka nta mpaka vikang'aa, akauviringisha, akauchomeka kiunoni. Vijana walipoondoka aliwafuata mpaka mwisho wa mashamba.

"Mussa!"

Mussa akasimama bila kugeuka. "Baba, usiniite hivyo. Hongo kakataza kugeuka. Unataka nife kwa adabu?"

Wenzake wakacheka.

"Kuna jambo?" Mussa akauliza, akiwa bado amempa mgongo.

Upote ulikuwa mkononi mwa Miraji. Aliwatazama wale wengine kumi na mmoja. Kumpa mmoja upote mkavu ni kuwaambia wengine wamebeba nini.

"Nenda salama," alisema.

Akarudi nyumbani, akauchomeka upote kwenye makuti ya paa, juu ya jiko.

Maneno alirudi siku ya nne, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa kilichonuka, wa kulia umeshika upinde mrefu. Sikujua alipouona huo upinde alikaa chini hapo hapo alipokuwa.

"Hazikulia, mzee," Maneno alisema. Hakuwa na utani tena. "Wallahi hazikulia. Nilikuwa ubavuni pa Mussa na sikusikia kitu. Mlinzi alikuwa karibu, namwona ndevu. Mshale ukaenda, ukaanguka miguuni pake kama kijiti kilichodondoka mtini. Akainama. Akauokota. Akautazama, akaugeuza. Ndipo akapiga kelele."

"Na Mussa?"

"Alisimama akaita maji. Tisa wamekufa, mzee. Wote walisimama wakaita." Akamtazama Sikujua, akatazama tumbo lake, akaangalia pembeni. "Maji hayakuwa na kosa. Kuna mtu alivunja mwiko."

Neno hilo lilitoka uani likaenda kisimani. Wanawake walikuwa wakinyamaza Sikujua akifika. Aliyefiwa na mwanawe alimwambia waziwazi: "Ulishindwa kumwacha mumeo siku saba?" Sikujua akajitwika mtungi, akaondoka. Na siku moja, Miraji akichonga mpini upande wa pili wa ukuta wa fito, alimsikia akimwambia Biasha, jirani yao, kwa sauti ambayo mtu mwingine asingeisikia:

"Ni kweli, dada. Usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilimlilia mimi. Nimemuua mimi."

Kisu cha Miraji kilisimama. Palikuwa na ukuta ule mmoja wa fito kati ya ulimi wake na sikio la mtoto wake, na mlango ulikuwa wazi. Akaendelea kuchonga.

Kisha vita vikaja vyenyewe. Askari walichoma maghala ya mpunga, wakakusanya silaha. Miraji alipeleka pinde zake zote, na ule wa Mussa, akaziona zikitiwa moto. Nguruwe wakaingia mashambani, na madungu yale ya kulindia mpunga, yaliyokuwa yakiitana bonde zima, yalikuwa matupu. Watu wakala ming'oko, viazi vya porini. Ming'oko ikaisha, wakala ndiga, mizizi ile yenye sumu inayolowekwa siku nyingi, na wenye haraka wakafa nayo. Sikujua alijifungua mtoto wa kike, Mwanaheri. Mtoto alipofika miezi tisa maziwa yakakatika. Walikuwa wameshachemsha ngozi ya ngoma na mikanda ya viatu.

Asubuhi moja Sikujua alikuwa akichokoa makuti kwa mti, akitafuta kipande chochote cha ngozi. Kitu kikaanguka jivuni. Akakiokota, akakifuta masizi, akakikunjua. Akaunyoosha kwa mikono yake yote miwili, na upote ukazidi vidole vyake. Mara ngapi alimsaidia mumewe kuufunga upinde ule?

"Baba. Huu ni wa Mussa."

"Ni wa Mussa."

"Wa Mussa ulikuwa na pamba. Huu una mbega. Umeufanya lini?"

Miraji alikuwa amelala kwenye mkeka. Angeweza kusema lolote.

"Ijumaa ile. Baada ya maji."

"Kwa nini mwingine, na yeye alikuwa nao?"

"Ule ulilowa."

Sikujua alivibonya vishada kwa kidole. Mtoto alilia kidogo, akaacha.

"Ulijua."

"Nilijua, mwanangu."

"Nilishika bakuli mimi, na wewe unajua. Mwaka na zaidi naitwa muuaji kisimani. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Sikujua aliinuka. Alichukua kisu, akakata vishada viwili, akaviweka kando. Akaparuza nta yote kwa ukucha, akaukata upote vipande vya urefu wa kidole, akavihesabu, vilikuwa kumi na saba, akavitia chunguni.

"Lete kuni," alisema.

Miraji akainuka, akaenda kwa kushika ukuta, akaleta. Kano huchukua muda kulainika. Jua lilikuwa limepita utosi Sikujua alipoipua. Alimimina supu katika bakuli, lile lile la maji ya hongo, akanywa yote bila kumtazama baba yake. Kisha akamweka Mwanaheri kifuani, akaegemea nguzo, akafumba macho.

Miraji alitega sikio. Alimsikia mtoto akinyonya. Alisubiri, akazuia pumzi yake asije akakosa sauti. Akamsikia akinyonya tena, na tena. Hakumsikia akimeza.