Ngoma Kubwa ya Misa ya Mavuno

Ukitaka kumkasirisha Flavian, mwendesha mashine ya kusaga pale Sumbawanga mjini, mwambie kwamba mpigangoma bora ni yule mwenye mikono ya haraka. Ataliacha debe lako la mahindi pale pale lilipo, aje kwanza akubishie.

Kwake wakali ni wawili. Mmoja ni Eustaki wa Chala, anayepiga dramu kwenye harusi. Watu humsifu kwa jinsi anavyorusha vijiti hewani. "Achaneni na vijiti, mtazameni macho," Flavian huwaambia. "Haangalii dramu yule. Anaangalia miguu ya bibi harusi." Mwingine ni Edith wa Pito, bibi wa miaka sabini na ushee, anayepiga ngoma ya kanisa la kigango kwa viganja na hatoki hata jasho. Ukuu wa bibi huyo, Flavian hakuweza kuueleza. Alijua tu kwamba Edith akianza kupiga, yeye hawezi kubaki amekaa.

Flavian mwenyewe alipiga ngoma kubwa ya kwaya kwa miaka mingi, kwa mapenzi tu, mpaka misa ya mavuno ya mwaka jana. Akina mama walikuwa wakipeleka vipaji altareni, nyungo za ulezi kichwani, wakicheza hatua mbili mbele na moja nyuma. Mzuka ukampanda, akaongeza kasi. Safu ya nyuma ikaivaa ya mbele, nyungo zikapinduka. Punje za ulezi ni ndogo mno. Watu walikuwa bado wanazikusanya sakafuni wakati wa komunyo. Bertilla, mwalimu wa kwaya, akaifungia ngoma stoo. Kijana Gift akapewa kinanda chenye midundo ya kubonyeza.

Mwaka huu Flavian aliapa kuirudisha ngoma ile mikononi mwake. Bertilla alimpa nafasi moja tu, kwenye mazoezi ya Jumamosi. "Nikiisikia ile haraka yako, baba, unarudi kwenye pumba zako."

Ndipo akapanda baiskeli kwenda Pito. Alimkuta Edith uani, anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si wewe uliyemwaga ulezi wa watu?"

"Ndiye mimi."

"Umekuja kuufagia?"

"Nimekuja unifundishe kupiga."

"Kupiga unajua. Parokia nzima iliziba masikio." Akamtwika ungo uliojaa. "Haya, cheza."

Edith akavuta ngoma na kupiga pigo moja zito, kisha akanyamaza. Katika ukimya ule mguu wa Flavian ukapata pa kutua, shingo ikatulia, na ndipo likaja pigo la pili. Flavian akaenda hivyo mpaka kwenye uzio na kurudi. Ghafla bibi akaanza kuitwanga mfululizo. Ungo ukayumba, punje zikamshukia Flavian usoni.

"Mama, punguza!"

"Nipunguze nini? Si hivi unavyopiga wewe?"

Flavian alisimama, ulezi umemjaa kwenye nyusi, na hapo akauona ukuu wa Edith. Ulikuwa katika kunyamaza. Kwenye mashine, mlio ukikatika ujue mkanda umechomoka; kwa hiyo miaka yote aliukimbia ukimya na kuujaza mapigo.

Wiki nzima, kila akifunga mashine, alifanya mazoezi juu ya gunia la pumba. Jumamosi aliigeuza ngoma ielekee njia ya katikati, halafu akaomba akina mama wabebe nyungo zilizojaa.

"Ukizimwaga tena?" Bertilla akauliza.

"Nitaokota mwenyewe, mwalimu, punje kwa punje."

Alipiga akimtazama mama wa mwisho kwenye mstari, aliyekuwa anachechemea. Kila pigo lilimsubiri yule mama akanyage.

"Mzee kasinzia nini?" Gift akanong'ona. Wenzake wakacheka. Mikono ya Flavian iliwasha kwa hamu ya kuwajibu, lakini aliishikilia juu ya ngozi mpaka ule mguu ulipotua.

Mstari ukafika altareni. Bertilla akapita njia yote, macho sakafuni, akarudi.

"Utapiga maandamano ya vipaji. Nyimbo nyingine zote zinabaki kwa Gift."

Hakuwa amepata yote aliyoyataka. "Sawa, mwalimu," alisema. "Ila Jumamosi ijayo nitakuja kuomba nipewe na wimbo wa Utukufu."