Jeshi Lililokwama Mezani Kwetu

Kwa karibu mwaka mzima familia yetu ilikula mkekani, kwa sababu meza ya chakula ilikuwa na vita.

Juu ya meza hiyo kulikuwa na ramani kubwa ya nchi yetu hii ya Tanga, imegawanywa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, na juu ya ramani kulikuwa na kete ndogo za karatasi ngumu: askari, mizinga, wapagazi, magunia ya chakula. Mchezo wenyewe ulihusu vile vita vya zamani vya Wajerumani na Waingereza, walipofukuzana kufuata reli, wakapita Mombo, wakapita Korogwe, wakaenda kuhangaika huko Handeni. Mchezo huo tuliachiwa na mhandisi mmoja wa barabara, mgeni kutoka ng'ambo, aliyepanga nyumba yetu ya uani hapa Kwamndolwa, Korogwe. Masika ilipomzuia kwenda kazini alitufundisha kucheza, na mkataba wake ulipokwisha akaona sanduku ni zito mno kupanda nalo ndege.

Wachezaji tulikuwa watatu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na ndimi niliyepewa kazi ya kusoma kanuni, maana kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani. Wa pili alikuwa baba mkwe wangu, msimamizi mstaafu wa kiwanda cha mkonge huko Mazinde, aliyehamia kwetu baada ya kufiwa na mkewe. Wa tatu alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, Mmasai wa tambarare za Handeni. Huyu huja Korogwe kwa biashara ya ng'ombe na hulala kwetu.

Mtu anaweza kushangaa mwanamke kupigana vita na baba mkwe wake. Hata mimi niliona haya mwanzoni. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, baba," kisha nikamuulia kikosi kizima pale Mombo. Akanitazama juu ya miwani.

"Marahaba, mama," akasema. "Umenikatia reli."

Nikajua hajakasirika, ila anapanga kulipiza.

Mgogoro ulianza siku ambayo mimi sikuwa na jeshi. Baba alikuwa Mjerumani, shemeji Mwingereza, na mimi mwamuzi. Shemeji alikuwa amewazunguka askari wa baba kati ya Korogwe na Handeni, reli ameshaikata na chakula kimewaishia. Kwa kanuni za mchezo, jeshi lenye njaa likifika mwisho wa zamu linaondolewa mezani. Shemeji alishaanza kutabasamu.

"Nachukua ng'ombe," baba akasema.

"Ng'ombe gani, mzee?"

"Hawa wa tambarare. Kanuni zinasema jeshi likikosa chakula linachukua mifugo ya mahali lilipo."

Shemeji akainuka kwenye kiti. "Hapo ni kwetu, mzee. Unafikiri ng'ombe wamesimama wanakungoja? Jeshi lilishapita hapo mara moja. Watu wameshaswaga mifugo yao, wameenda nayo mbali."

"Soma, mama," baba akaniambia.

Nikasoma. Ukurasa mmoja ulisema sawasawa na maneno ya baba. Ukurasa mwingine, mbele kidogo, ulisema mahali palipokwisha kupitiwa na jeshi hapana mifugo ya kuchukuliwa. Nilirudia kusoma kwa sauti, nikitumaini maneno yatabadilika. Hayakubadilika. Wote wawili walikuwa na haki, na mchezo mzima ulining'inia hapo: ng'ombe wakichukuliwa, baba anatoboa na kushinda, wasipochukuliwa, amekwisha.

Nikaandika barua pepe kwa waliotengeneza mchezo. Kumbe ni kampuni ndogo tu, mtu na mkewe, wanafanyia kazi nyumbani kwao. Mama yule alinijibu kwa adabu sana. Alisema swali langu ni zuri, wengi wameliuliza, na jibu limo katika kitabu kipya cha kanuni kitakachotoka mwezi ujao.

"Mwezi ujao si mbali," baba akasema. "Tusiguse kitu."

Akaenda chumbani, akarudi na chandarua cha mtoto, kile cha kufunguka kama mwavuli, akafunika vita. Mume wangu, aliyekuwa amesimama na sufuria ya makande mkononi, akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa tunakula wapi?"

Aliweka sufuria chini. Akatandika mkeka.

Mwezi ujao ukafika, na mama wa kampuni akaandika kwamba mchoraji wa ramani amevunjika mkono. Tukampa pole. Baadaye msahihishaji akagundua makosa mapya, ikabidi sura nzima iandikwe upya. Halafu mashine ya kiwanda cha uchapaji ikaharibika. Ilipotengemaa, wakachapa rangi ya Mjerumani kwa Mwingereza na ya Mwingereza kwa Mjerumani. Kila tangazo lilikuwa na samahani nyingi na picha ya paka wao amelala juu ya makaratasi. Mimi nilikuwa natafsiri matangazo haya sebuleni kwa sauti, na mume wangu akisikiliza kutoka jikoni.

"Hiki ni kitabu cha mchezo," aliuliza siku moja, "au ni katiba mpya?"

Sikukuu ya Idi ilitukuta katika hali hiyo. Dada yake baba alikuwa anakuja kutoka Magoma na wanawe, na mume wangu akaapa kwamba shangazi yake hataandaliwa pilau sakafuni kwa ajili ya Mjerumani. Ikaamuliwa meza ihamishwe chumbani kama ilivyo, tuazime nyingine kwa jirani. Tukaishika pembe zote, mimi na mume wangu mbele, shemeji na jirani nyuma, chandarua kikiwa bado juu yake. Baba alisimama kando akitoa amri kwa sauti yake ya kiwandani.

"Kushoto! Kushoto nimesema! Inueni nyuma! Taratibu, huyo mzinga unateleza!"

Mlango wa chumba ukawa mwembamba. Tukang'oa ubao wa mlango kwenye bawaba, bado haikupita, tukaamua kuitoa nje tuzunguke nayo, tuingilie mlango wa uani. Ndipo tulipokuwa tunavuka barazani, wanne tumebeba kitu kimefunikwa shashi nyeupe, tunakwenda pole pole na mzee nyuma yetu, shangazi akateremka kwenye bajaji.

Alidondosha kikapu. "Jamani! Nani tena?" akalia, mikono kichwani. "Mbona hamkunipigia simu?"

Wanawe wakaanza kulia naye. Shemeji alicheka mpaka pembe yake ikamponyoka, na meza ikaenda upande. Baba akairukia na kuikumbatia kwa mikono miwili, pamoja na uzee wote ule. Hakuna hata kete moja iliyoanguka. Shangazi alipofunuliwa chandarua na kuona yaliyomo, alikaa kwenye kizingiti, akanywa maji, na hakusema na kaka yake mpaka pilau ilipoiva.

Nisingependa mtu afikiri ilikuwa vicheko tu. Kadiri kitabu kilivyochelewa, baba na shemeji walizidi kubishana. Kila shemeji alipokuja walianza upya palepale, ng'ombe wapo, ng'ombe hawapo, na mabishano yakaacha kuwa ya mchezo. Siku moja shemeji akapitiliza.

"Mzee, nyie watu wa mkonge mmezoea kupimiwa posho. Mambo ya ng'ombe mtayajulia wapi?"

Baba aliweka kikombe chini. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, na kuanzia hapo shemeji akija, yeye anasema kichwa kinamgonga. Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Handeni akiwa na wasiwasi. "Dada, mume wangu halali vizuri. Ameniambia amemvunjia mzee heshima na hajui aanzie wapi."

"Aanzie na shikamoo," nikamwambia.

Akaanzia hapo. Safari iliyofuata alifika asubuhi, akapitiliza moja kwa moja mpaka mlangoni kwa baba, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Nimesema vibaya. Nimekuja kukuchukua, twende nyumbani ukapaone mahali penyewe."

Kisha tukasikia kabati likifunguliwa. Baba alitoka amevaa koti.

Nilikwenda nao, maana nilikuwa likizo na nilitaka kumwona mdogo wangu. Kutoka Handeni mjini tulichukua pikipiki mpaka kwa shemeji. Ulikuwa wakati wa kiangazi, nyasi zimekauka, na vumbi likatupaka sote rangi moja. Mama yake shemeji alitupokea kwa maziwa, na baba, ambaye hawezi kungoja, akamwuliza hata kabla ya kumaliza kikombe: enzi za vita vile, walikuwa wanasikia nini kuhusu ng'ombe?

Mama alifikiri. "Mama mkwe wangu alisimuliwa na wakubwa wake," akasema, na shemeji akimsaidia pale Kiswahili kilipompotea. "Wengine walichukuliwa. Wengine tuliwahi kuwaficha. Ilitegemea askari wamekuja kwa upande gani."

Baba na shemeji wakatazamana, kisha wote wakaangalia chini.

Jioni, tukiwa tumekaa nje, ng'ombe wanarudi, baba akaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa. Alisema babu yake hakuja Mazinde kukata mkonge kama alivyokuwa akitueleza siku zote. Alikuja amebeba mzigo wa jeshi, alikamatwa kijijini kwao kusini kabisa, akatembezwa mpaka huku. Vita vilipoisha hakuwa na nguvu za kurudi, na mashamba yalikuwa yanataka watu.

"Kwa hiyo nazijua habari za kupimiwa posho," akasema, akimgeukia shemeji bila ukali wowote. "Huyo mzee alipimiwa."

Shemeji alimvutia kigoda karibu na moto, na asubuhi alipotusindikiza alimshika baba mkono njia nzima mpaka penye pikipiki, kama mtoto na mzazi.

Kitabu kilitoka sisi tukiwa tumeacha kuuliza. Hata hivyo nakala ya karatasi ilikuwa bado imekwama bandarini kwao, na mama wa kampuni, kwa huruma, akanitumia faili kwenye simu. Nikaenda kuichapisha kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi, nikaifunga kwa waya, nikampigia shemeji. Jumamosi tukaondoa chandarua, tukapangusa vumbi kwa manyoya ya kuku ili kete zisisogee, tukakaa. Hata mume wangu alivuta kiti.

Nilitafuta ukurasa. Nikasoma moyoni kwanza, nikashindwa kujizuia, nikacheka.

"Soma basi, shemeji!"

"Inasema: jeshi lenye njaa likitaka mifugo mahali palipokwisha kupitiwa na jeshi jingine, mchezaji atupe dadu. Moja, mbili au tatu, mifugo imefichwa. Nne, tano au sita, imepatikana."

"Dadu?" baba akauliza.

"Dadu, baba."

"Mwaka mzima, kumbe dadu."

Aliichukua, akaitikisa kwa mikono miwili, akaiachia. Ilizunguka juu ya Milima ya Usambara, ikagonga kikombe cha chai, ikasimama. Mbili.

Shemeji, aliyekuwa ameungoja ushindi huo muda wote ule, hakushangilia. Baba aliondoa askari wake mwenyewe, mmoja mmoja, akiwatia sandukuni. Alipofikia kete za wapagazi hakuzitia. Alizisukuma kwa kidole, taratibu, kufuata njia, akaanza kuziteremsha kusini.

"Baba, hiyo hairuhusiwi," nikasema. "Hawa nao wanakufa njaa."

"Waache waende, shemeji," shemeji akasema.

Nikafunga kitabu. Wapagazi wakaenda mpaka ukingo wa ramani, na baba akaziweka kete zao pale nje, juu ya mbao tupu.

Kisha akakunja mikono ya shati, akatangaza kwamba mara hii yeye ndiye Mwingereza. Shemeji akakataa kuwa Mjerumani, akasema yeye atakuwa mwamuzi. Mume wangu akaingilia kwamba yeye bado hajaambiwa hata kete zinakwendaje, na akipewa Mjerumani hana neno. Tukamtazama kwa mshangao. Nikamsogezea kete za reli ya Mombo na kuanza kumweleza, na saa sita mchana ilitukuta baba ameshamfukuza mwanawe mpaka Mazinde, chakula hakijapikwa, na hakuna aliyekuwa tayari kuinuka.