Mtunza Njia Aliyeitwa Toroli

Pale msituni wenzake wanamwita Toroli, na jina amelitafuta mwenyewe. Kila asubuhi huweka ndoo iliyojaa maji pomoni juu ya toroli, akalisukuma kwenye njia ya changarawe inayopita kati ya miti mikongwe. Maji yakimwagika, hupiga magoti akaisawazisha njia papo hapo. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Mimi namheshimu. Watu wa "inatosha" wametuharibia mengi, na yeye si mmoja wao.

Njia ile ilikusudiwa iwe ya kila mtu, hata mwenye kiti cha magurudumu. Toroli aliisifia nyumbani hadi dada wa mkewe akasema atakuja. Huyu ni fundi cherehani ambaye ugonjwa ulimwacha bila nguvu miguuni. Tangu hapo hakuwa amekwenda popote bila mtu nyuma yake, na alitaka jambo moja tu: kuufikia mti mkubwa mwisho wa njia kwa mikono yake mwenyewe.

"Utakwenda kama uko sebuleni, shemeji," Toroli alimwambia getini.

"Wewe hata chai yako ya majimaji huwa unaisifu. Tutaona."

Penye kona ya kwanza kiti kikaanza kuvuta kushoto, kuelekea mtaroni. Akapambana nacho, jasho likamtoka. Toroli akadaka vishikio.

"Toa mikono!"

"Nakusaidia tu."

"Ningetaka kusukumwa ningebaki nyumbani. Kule wasukumaji wamejaa tele!"

Akageuza kiti, akaondoka bila kuuona mti.

Toroli alilitazama toroli lake kwa muda mrefu. Lina gurudumu moja. Njia ikiinama ubavuni, mikono ya msukumaji hulinyoosha bila yeye kujua, na maji hayamwagiki; kiti chenye magurudumu pande zote mbili huvutwa kule kulikoinama. Miaka yote alipima kwa chombo chake, hakumuuliza mwenye kiti. Hapo simtetei. Wema usiouliza una kiburi ndani yake.

Lakini alikwenda kwa shemeji yake siku hiyo hiyo.

"Naomba uje unisaidie kupima."

"Nije kama nani? Kama ndoo?"

"Kama fundi."

Akaja. Alipita kona baada ya kona, na kila mara kiti kilipovuta alipiga kelele: "Hapa! Ongeza kulia. Bado. Hapo ni sawa kwa nani, kwako au kwangu?" Toroli akachimba, akajaza, akashindilia. Penye mizizi hakukata. Alipandisha changarawe mpaka ikalingana nayo.

Kazi ilipokwisha, shemeji alikwenda hadi mwisho bila kuguswa. Akaweka kiganja kwenye gome la mti, akihema.

"Shemeji, bado uko nyuma yangu?"

"Nipo."

"Basi nenda ukaningoje getini. Nitarudi mwenyewe."

Akaenda. Aligeuka mara moja tu kumtazama, na hilo namsamehe.