Siku Baba Mdogo Alipokuja Kumtazama Bibi Macho

Ipo siku moja ya kipupwe, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hadi leo. Ilianza kimya kabisa. Mvua zilikuwa zimekwisha, upepo wa asubuhi ulikuwa mkali, nami nilivaa sweta la mtumba juu ya gauni nikafagia uwanja. Bibi yangu Minza, mama mzazi wa marehemu baba yangu, alikuwa ameketi mkekani akichambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na tuliishi wawili tu, nje kidogo ya Bariadi.

"Kabula," aliniita, "peleka mahindi mashineni. Ununue sabuni na dagaa. Na gazeti usilisahau."

Kusoma hakujua, lakini habari alizipenda kuliko sukari. Ndiyo ile miaka biashara ilipofunguliwa: watu binafsi walikuja na malori kununua pamba, mashine za kusaga zikaongezeka mjini, na magazeti mapya yakawa yanatoka kwa majina ambayo hatukuwahi kuyasikia. Kazi za nyumbani zikiisha nilimsomea, naye akawa anabishana na gazeti kana kwamba linamsikia.

Mashineni nilikuta foleni. Nikaweka ndoo yangu kwenye mstari, nikaegemea ukuta penye jua. Mbele yangu wanawake wawili nisiowajua walikuwa wakiongea kwa kuinamiana. Mara mwenye mashine akaizima abadilishe chekeche, na maneno yao yakabaki peupe.

"Mganga kamtaja huyo bikizee wa macho mekundu, yule anayekaa na mjukuu pale karibu na lambo la maji. Ndiye aliyemla mtoto wa mwanawe."

"Nani alikwenda kuuliza?"

"Huyo huyo mwanawe, Masalu. Na vijana wameshaambiwa."

Mwanangu, Masalu ni baba yangu mdogo, mtoto pekee aliyembakia Bibi. Masika ile alikuwa amefiwa na binti yake Sayi, kwa homa. Na miaka ile, huku kwetu, vikongwe walikuwa wakikatwa mapanga kwa sababu ya wekundu wa macho yao. Habari hizo nilikuwa nimezisoma kwa sauti, mara nyingi, mkekani kwa Bibi. Zilikuwa habari za watu wengine. Niliiacha ndoo na mahindi yake palepale nikakimbia.

Nyumbani nilimkuta Baba Mdogo amekaa kwenye kigoda uwanjani, kibakuli cha karanga mbele yake. Bibi ndiye aliyemkaangia.

"Mwadila, Kabula," akanisalimu, kama siku zote.

Nilikuwa naitazama mikono yake.

"Baba Mdogo," nikamwambia, "huko mashineni wanasema ulikwenda kwa mganga kumuulizia Bibi. Wanasema vijana wameshaambiwa. Ni kweli?"

Akainamisha uso. Aliyejibu ni Bibi, bila kuinua kichwa kwenye pamba.

"Ni kweli. Mkewe alikuja kuniambia, akilia."

Nilidhani nimesikia vibaya. Alijua! Alijua, na bado alikuwa akimkaangia karanga.

"Bibi, ulijua ukakaa tu?"

"Niende wapi? Nilikuwa namngoja aje aniulize mwenyewe. Leo kaja, lakini haulizi. Tangu alipofika ananitazama macho tu." Kisha akajipangusa pamba mapajani. "Masalu, inuka. Jikoni nimeacha moto. Nenda ukanipikie michembe, na usitoke mpaka hivyo viazi vikavu viive."

Hujawahi kuona mwanaume mzima wa Kisukuma akitumwa kupika jikoni kwa mama yake. Nami nilikuwa sijawahi. Lakini alikwenda, akiinamia kwenye ule mlango mfupi. Huku kwetu miti ilikuwa imekwisha zamani, tulipika kwa mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, na jiko la Bibi halikuwa na dirisha. Tukamsikia akikohoa. Mara mbili alikuja mlangoni kutafuta hewa, na mara zote mbili Bibi akamwambia, "Bado." Mimi nilisimama tu uwanjani, nimeshikilia sweta langu kifuani.

Alipotoka na sufuria, macho yake yalikuwa yamevimba, mekundu, machozi yanatiririka hadi kidevuni.

"Hiyo ni sufuria moja," Bibi akasema. "Mimi nimepika humo tangu hujazaliwa. Nilikupikia wewe. Nilimpikia Sayi uji."

Baba Mdogo akaketi chini kwenye vumbi.

"Mayu," akamwambia mama yake, "mtoto wangu amekufa."

"Najua, mwanangu. Nilimwosha mimi."

Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanaume, na Bibi akamwacha alie.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akasema mbele ya watu kwamba amekosea, kwamba mama yake hana hatia. Vijana wakaonywa. Nami nikafikiri yamekwisha. Hayakuisha, mwanangu. Kisimani wanawake waliwaficha watoto wao migongoni Bibi alipopita. Mawe yakarushwa kwenye bati letu. Baba Mdogo alizunguka nyumba kwa nyumba mpaka sauti ikamkauka, lakini wengine walisema amerogwa na Bibi ili anyamaze. Mwishowe alimpandisha Bibi lori yeye mwenyewe, akampeleka Nassa, kando ya ziwa, kwa dada wa Bibi. Nilikwenda nao.

Bibi aliishi huko miaka mingi, akila samaki na kubishana na magazeti. Hakurudi tena nyumbani kwake. Kila baada ya mavuno Baba Mdogo alikuja na mtama na karanga, na Bibi alimpokea vizuri, akampikia, akamuulizia watoto. Lakini siku ya kuondoka hakumsindikiza hata mara moja. Aliagana naye akiwa ameketi.

Basi nisikilize. Ukifiwa, lia, usitafute wa kumbebesha msiba wako. Mtu akikunong'oneza kwamba fulani ndiye aliyekuumiza, nenda kwa huyo fulani mchana, ukae naye, umuulize kwa kinywa chako, kabla hujamwambia hata mwenzi wako wa ndani. Ukishatubu wewe, wale uliowaambia hawajatubu. Na siku utakaposikia jina la mtu likichafuliwa penye foleni, usijifanye unatazama pembeni. Acha ulichokifuata, ukamwambie.

Mungu akujalie nyumba ambayo hakuna atakayekufukuza. Akujalie uzeeke kwenu, mwanangu, na watoto wakukimbilie, wasikukimbie.