Miaka Yangu ya Kuwa Friji katika Nyimbo za Ireland

Bon, niseme mapema: hii habari itanionyesha mjinga. Mke wangu ameisoma, akaniambia niondoe sehemu ya Buffalo, nibakishe zile ambazo ninaimba vizuri. Nikamwambia nikifanya hivyo itabaki nusu ukurasa. Donc basi naiandika yote, kwa ajili yenu wadogo zangu wa chorale ya kanisani mnaoniuliza kila Jumapili ile kazi ilikuwaje. Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba, lakini kustaafu ni kustaafu. Mnaweza kuniita mzee, sitakataa.

Shule nilisoma ya msingi tu, kule milimani Kivu ya Kusini, na hata hiyo niliimaliza kwa kukimbia vita. Ila hii kazi haikuniomba diploma. Iliniomba koo.

Siku ya kwanza ilianzia kwenye depo ya Jeffersontown, hapa Louisville, Amerika, nikiwa napanga maboksi ya viatu. Mkanda wa mashine ulikuwa unanguruma nota moja, mmmm, na mimi kwa kuchoka nikawa nanguruma nao, chini yake kidogo. Supavaiza wetu, Mmarekani mrefu mwenye ndevu nyekundu, akaja akasimama nyuma yangu. Nikanyamaza haraka, nikijua kazi imeisha.

"Usinyamaze," akasema. "Shuka tena."

"Nishuke wapi, boss? Niko chini tayari."

"Sauti yako. Ishushe."

Nikaishusha. Akaniangalia vile mtu anaangalia gari la bei nzuri akiogopa mwingine asilione. Kumbe yeye na rafiki zake walikuwa na kikundi cha kuimba nyimbo za zamani za Ireland, nchi ya mababu zake, bila chombo chochote. Hakuna gitaa, hakuna kinanda, ni vinywa tu. Nyimbo ni za kale lakini wanazishona upya: mmoja anapiga ngoma kwa midomo, wengine wanajifanya fidla, halafu wanarekodi video wanatia kwenye mtandao. Besi wao mmoja, mwenye sauti ya chini kabisa, alikuwa amehamia Florida. Baada ya shift akanipeleka kwenye gereji yake, na hapo, katikati ya matairi ya theluji na baiskeli za watoto, nikaanza kazi.

Neno la kwanza la kazi nililofundishwa ni drone. Siyo ile ndege ndogo, mimi mwenyewe niliangalia juu. Drone ni nota moja ya chini inayokaa palepale wimbo mzima, wenzako wanatembea juu yake kama sakafu.

"Unajua friji ya jikoni kwenu?" Supavaiza akaniuliza. "Huisikii mpaka izime. Wewe ndiye friji yetu."

"Na maneno ya wimbo nitajifunza lini?"

"Friji haina maneno, Bahati."

Neno la pili ni kuiba pumzi. Nota ndefu hivyo hakuna mtu anaiweza peke yake, donc besi wawili wanapumua kwa zamu. Mmoja anavuta hewa kidogo wakati mwenzake ameshika, na wasikilizaji wasijue kitu. Kwenye chorale yetu sisi tunapumua wote pamoja kwenye koma, hata mchungaji anasikia upepo. Nilichukua muda kuacha hiyo tabia.

Mama alitaka kujua naenda wapi kila Alhamisi. Nikamwimbia sehemu yangu yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mmmmmm. Akangoja. Nikamwambia, ndiyo hivyo, imeisha.

"Na watu wanakaa wanasikiliza hiyo?"

"Wanapiga makofi, mama."

"Basi ng'ombe za baba yako zilikuwa wanamuziki, na sisi tulikuwa tunazipiga fimbo."

Kituo cha pili kilikuwa Columbus. Dada yangu mkubwa anaishi Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, akanitafutia kazi ya kupakia mizigo. Supavaiza, mtu mwema, alituma ujumbe kwa kikundi kingine kama chake, cha mtaa wa University District, akawaambia friji inakuja. Hapo mkubwa wangu akawa Kiongozi wa Sauti, Mkenya mmoja anaitwa Wambui, aliyekuwa anasomea udaktari wa mambo ya maji. Alisoma sekondari kwa masista wa Kiairishi huko kwao, donc hizo nyimbo alizijua kabla ya kuijua Amerika.

"Sasa Bahati," aliniambia siku ya kwanza, "practice ni saa kumi sharp. Si saa kumi ya Congo."

"Na saa kumi ya Kenya iko vipi, dada?"

"Hiyo usiulize."

Wambui ndiye alinifundisha hatari yenyewe ya kazi. Ukiimba bila kinanda, hakuna kitu cha kukurudisha nyumbani ukipotea. Donc kabla ya wimbo kuna mtu mmoja anapuliza filimbi ya nota, kakitu kadogo ka mviringo kama kifuniko cha chupa, na kila mmoja anachukua mahali pake kutoka hapo. Huyo ni mtoa nota. Akikosea yeye, wimbo wote umehama, na hakuna njia ya kuurudisha katikati.

Mimi nikafungua mdomo wangu mkubwa. Nikasema kwetu milimani kiongozi wa chorale hapulizi kitu, anaitoa nota kichwani na watu wanamfuata. Wambui akanijaribu, akipima nota yangu kwa simu yake. Nikapatia. Akanijaribu tena, nikapatia. Akanipa kazi ya mtoa nota, cheo changu cha kwanza tangu nizaliwe. Nilimpigia mama simu kabla sijatoka chumbani.

Lakini kichwa changu kilikuwa na ugonjwa wake. Nikilala vibaya, ama nikipigwa na baridi, nota ilikuwa inashuka bila kuniaga, na mimi naiona iko sawasawa. Jumamosi moja nilitoka shift ya alfajiri moja kwa moja kwenda practice. Nikatoa nota, wakaanza, na Wambui akainua mkono kabla ya mstari wa pili.

"Wewe, hii ni key gani? Umetuzika. Soprano wangu wako chini ya carpet."

"Ni baridi, dada."

"Baridi iko kwa kila mtu. Puliza filimbi, jamani."

Nikapuliza. Ila moyoni nikasema kichwa changu hakina kosa, kosa ni la usingizi.

Wambui alipomaliza masomo, kikundi kikavunjika, naye akanipendekeza kwa kikundi cha mji wa Buffalo. Huko ndiko nilipata mkubwa wangu wa mwisho, Kathleen, mwenye kikundi na mshonaji wa nyimbo zetu zote. Mimi nilimwita Directrice, yaani mkurugenzi wa kike, na akapenda, akawaambia wengine wote waniige. Aliniachia cheo changu cha mtoa nota, ila alikuwa mtu wa kipimo. Kila sauti ilikuwa na karatasi yake, kila pumzi imewekewa alama. Mara ya kwanza nilipotoa nota kichwani alinivumilia. Mara ya pili aliniita pembeni.

"Kichwa chako nakiheshimu," akasema. "Lakini kikae kimya. Ukirudia, nitakununulia chakula cha njiani na tiketi ya basi ya Louisville."

Nikaapa. Na niliapa kwa kweli, maana nilikipenda kile kikundi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Sasa sikieni shida ya Directrice mwenyewe. Baba yake, Mzee Declan, alizaliwa Ireland, akahamia Buffalo na kufanya kazi kwenye maghala ya nafaka kando ya ziwa. Kulikuwa na wimbo mmoja wa mama yake, wa mwanamke anayemngoja mtu wa baharini, ambao Mzee aliuimba kila Krismasi mpaka kifua kikamsumbua. Binti yake akaushona upya kwa sauti sita. Mzee alikuja kuusikiliza, na katikati ya wimbo akasimama, akaenda kukaa kwenye gari. Baadaye alimwambia binti: "Nilikuja kusikia wimbo wa mama yangu, nikaukuta umevaa nguo za harusi ya mtu mwingine." Tangu siku hiyo hakukanyaga tena mahali tunapoimba.

Tulipoalikwa kuimba kwenye sikukuu yake ya kutimiza miaka themanini, Directrice alitueleza haya yote ndani ya gari, mikono kwenye usukani.

"Leo tunauimba tena," akasema. "Hawezi kukimbia, ni keki yake. Lakini akitoka, mimi huu wimbo sitaugusa tena maishani. Tafadhali, imbeni vizuri."

Halafu gari likazama kwenye theluji.

Tukatoka kusukuma. Buffalo theluji haianguki, inahamia. Tulisukuma mpaka koo langu likawa kama bomba la chuma. Tulipofika kwenye ukumbi wa parokia tulikuwa tumechelewa, wageni wameshakula, na bibi mmoja mlangoni akatuvua makoti akayatupa kwenye rundo la makoti ya wengine. Directrice akatupanga mstari. Mzee Declan alikuwa meza ya mbele, mikono juu ya fimbo yake, anaangalia mlango. Directrice akaniangalia, maana yake: nota.

Nikapapasa mfuko. Filimbi ilikuwa kwenye koti. Koti lilikuwa chini ya makoti ya ukoo mzima. Simu nayo ilikuwa imezimishwa na baridi.

Mngefanya nini? Mtu mwenye akili angesema, samahani, dakika moja. Mimi nilitoa kichwani.

Nikasikia mwenyewe, kwa sikio moja, kwamba kuna kitu. Soprano wetu akanigeuzia macho kama mtu aliyekuta chumvi kwenye chai. Lakini mkono wa Directrice ulikuwa umeshapanda, na mkono ukipanda unaimba. Tukaingia. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili, sauti ya soprano ikashuka kwenye kisima ikabaki huko. Alto akafungua mdomo pasitoke kitu. Mwenye ngoma ya midomo alipiga kidogo, akaona yuko peke yake, akaacha. Ukumbi wote ulitutazama. Mkono wa Directrice ulibaki hewani, na uso wake, jamani, sitaki kuuona tena kwa mtu yeyote.

Tulibaki besi wawili tu, mimi na mwenzangu, tunaibiana pumzi, mmmm. Sikushika ile nota kwa ushujaa. Nilikuwa naogopa kitakachotokea nikinyamaza. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria chakula gani nitaomba cha kwenye basi.

Mzee Declan akasogeza kiti. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, anakwenda garini.

Hakusimama. Alisogea karibu na meza, akafumba macho, akaanza kuimba. Sauti ilikuwa imepasuka kama debe, lakini iliingia juu ya ile nota yangu kama mtu anayeingia kwake bila kubisha. Nilikuwa nimeuteremsha wimbo mpaka mahali ambapo kifua chake kilifika. Dada zake wawili wakamfuata kwenye mstari wa tatu. Halafu meza ya nyuma. Directrice alishusha mkono polepole, akatugeukia, akatuonyesha kwa midomo: o tu, o peke yake. Soprano akawa o. Alto akawa o. Karatasi zote tulizozipigia jasho zikakaa kwenye folda, na wazee wakaimba mpaka beti ambazo sisi hatukuwahi kuzisikia.

Walipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Kwetu kimya kama hicho maana yake umeharibu, na mimi nikaanza kutafuta mlango wa jikoni. Halafu Mzee akanyoosha mkono, na binti yake akaenda akaushika, akakaa pembeni yake kwenye kiti cha mtu.

Directrice alinikuta jikoni nikiwa nimejificha kwa wanaoosha sahani.

"Ningepaswa kukufukuza," akasema.

"Najua, Directrice."

"Baba anataka tuuimbe tena kabla ya chai. Hapohapo chini. Unakumbuka ilikuwa nota gani?"

"Hapana."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikakaa juu ya ndoo. Tulitafuta ile nota pamoja na simu yake, na safari hii aliitoa yeye mwenyewe, simu mkononi.

Niliendelea na kikundi mpaka mwaka huu. Mke wangu alipokaribia kujifungua tukarudi Louisville, karibu na mama, nikapata shift ya mchana kwenye depo ileile. Supavaiza bado yupo, na bado anangoja nirudi gereji. Namwambia niko pensheni. Nikiwaza nyuma sioni uchungu wowote. Naona tu vile nilivyoponea chupuchupu. Wadogo zangu mnaotaka hii kazi, ushauri wangu ni mfupi: filimbi muitundike shingoni, kamwe isikae kwenye koti, na mpulize hata kama mnajiamini, hasa kama mnajiamini.

Siku ile, wakati tunatafuta makoti yetu kwenye rundo, Mzee Declan alikuja na fimbo yake, akauliza ni nani alitoa ile nota ya kwanza. Wenzangu wote wakanionyesha kidole, hata besi mwenzangu. Mzee akanisogelea, akainamia sikio langu.

"Mwaka ujao," akasema, "shuka kidogo zaidi. Kifua hiki hakirudi kuwa kijana."