Orodha ya Wachimba Kaburi

Katika kitongoji chetu, mtu akifa, kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kufika msibani na jembe au sururu. Asiyefika bila sababu alitozwa faini. Tatizo lilikuwa kwamba watu waliwaandikisha ndugu zao waliobaki mnadani Dutwa, na ugomvi haukuisha. Mimi ndiye niliyependekeza utaratibu mpya: kila mchimbaji aandikwe jina na aweke dole gumba mbele ya jina lake, papo hapo, kabla hajanawa udongo. Daftari na kidau cha wino nilinunua mwenyewe. Elimu yangu ilikuwa ya darasa la saba. Mengine niliyapata kwa kusoma kila karatasi iliyopita mikononi mwangu. Nilijivuna kwamba wazee wetu, wale tunaowaita banamhala, walikubali jambo nililolifikiria peke yangu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa kimechoka, wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao, na kila mara tulisikia kuna semina mahali fulani ya kuwafundisha wakulima namna ya kuuza. Sisi hatukuwahi kuiona hata moja.

Alasiri moja, wiki mbili baada ya kumzika mzee jirani yetu, diwani wa kata alifika nyumbani kwa pikipiki. Alimwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akamuuliza habari za miguu yake iliyovimba, akakaa kwenye kigoda. Kisha akanigeukia mimi.

"Katibu, nisaidie orodha ya wananchi. Nataka wakubwa waone kwamba huku kuna watu, watupe mabati ya zahanati."

"Ninayo ya msibani tu."

"Hiyo hiyo. Mtu ni mtu."

Nilichana kurasa mbili za msiba ule. Tarehe na jina la marehemu vilikuwa kwenye ukurasa uliotangulia, kwa hiyo nilizompa zilikuwa na majina na madole tu. Aliniachia gazeti na kalamu mbili. Hakuna aliyewahi kuniita katibu kabla ya siku hiyo. Nadhani angeliomba daftari zima ningelimpa.

Miezi ilipita. Akaja ofisa kutoka wilayani kuhutubia mkutano wa hadhara, na watu wakamuuliza mabati yako wapi. Alishangaa. Alifungua faili akasema kata yetu ilikwisha kupewa fungu lake: wakulima walihudhuria semina ya siku mbili, wakalipwa nauli, wakala, wakalala gesti Bariadi. Akaanza kusoma majina.

"Mimi?" alisema fundi baiskeli. "Nililala gesti?"

"Ndiyo maana ulirudi umenenepa," mtu akamjibu kutoka nyuma.

"Mheshimiwa, soma taratibu, mke wangu yuko hapa. Hapo pameandikwa nililala na nani?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ofisa aliendelea kusoma. Ndipo binti wa yule mzee tuliyemzika akasimama, akamwomba arudie majina matano ya mwanzo. Akayarudia.

"Hao ndio waliotangulia kumchimbia baba yangu," alisema. "Kwa kufuatana hivyo hivyo. Kumbe mmelala gesti juu ya kaburi la baba."

Kicheko kilikatika. Wanawake walianza kupiga kelele kwamba zahanati yao imeliwa. Vijana walitaka diwani aletwe pale. Ofisa alisema diwani yuko safarini kikazi, na mtu mmoja akauliza kwa sauti safari hiyo nayo analala kwenye kaburi la nani. Ofisa alifunga faili, akapanda gari, akaondoka. Watu walibaki na hasira yao yote na hawakuwa na pa kuipeleka. Diwani alikuwa mbali, halmashauri ilikuwa mbali. Mwandiko ulikuwa wangu, na mimi nilikuwa pale.

Aliyenihoji alikuwa nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kazi, ambaye tulichunga naye ng'ombe utotoni.

"Alikupa shilingi ngapi?"

"Hakunipa shilingi."

"Alikupa nini?"

"Kalamu mbili na gazeti."

"Kalamu mbili!" alisema fundi baiskeli. "Bora ungechukua hela, ndugu yangu. Tungekuelewa."

Waliamua nitengwe mpaka nitoe ng'ombe mmoja na kukiri mbele ya watu. Kutengwa kwetu si maneno. Hakuna anayeingia nyumbani kwako, hakuna anayekuazima jembe la kukokotwa, mkeo akifika kisimani wenzake wanaondoka. Na akifa mtu kwako, hakuna anayekuja na sururu.

Hilo la mwisho ndilo lililomtesa mama. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka magotini na hakuweza tena kulala chali. Ng'ombe tuliyebaki naye alikuwa mmoja wa maziwa, mali yake yeye tangu marehemu baba akiwa hai.

"Mtoe huyu ng'ombe," aliniambia.

"Nikimtoa, mayu, nimekiri kwamba niliuza msiba wa watu. Sikuuza. Nitaleta ushahidi."

"Mimi sina muda wa ushahidi. Sitaki kuzikwa na vibarua."

Nilimwomba anisubiri. Niliamini kabisa kwamba jambo likiandikwa vizuri likaonyeshwa, watu hulikubali. Nilikwenda Bariadi kwa baiskeli mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa nirudi Jumatatu. Mara ya pili faili lilikuwa kwa mkaguzi. Siku hiyo nilimkuta diwani barazani amebeba mkoba.

"Katibu! Pole na maneno ya watu. Yatapita."

"Njoo uwaeleze, mheshimiwa. Mama anaumwa."

"Nitakuja. Sasa hivi naingia kikaoni."

Mara ya tatu mpiga chapa mmoja alinionea huruma, akaniruhusu nisome faili na kunakili mezani kwake wakati wa chakula cha mchana. Yote yalikuwemo: nauli zetu, chakula chetu, vitanda vyetu, na posho ya diwani kama mwezeshaji wa semina, siku mbili, pamoja na mafuta ya pikipiki. Nilinakili kila mstari bila kuruka. Nilirudi nikikanyaga baiskeli kwa nguvu ambayo sikuwa nayo kwa miezi mingi.

Nilipokaribia nyumbani niliona moshi na watu uani. Zizi lilikuwa tupu. Asubuhi niliyoondoka, mama alikuwa amewatumia wazee ujumbe wamchukue ng'ombe. Alikuwa ameegemea ukuta katikati ya wanawake, mmoja akimpaka mafuta miguuni.

"Karibu," alisema nsumba ntale. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Kwa desturi, mkosaji hukiri, kisha hula kwanza nyama ya faini yake, ndipo wengine wale naye. Nilitia mkono mfukoni. Mama aliona.

"Iache," alisema kwa Kisukuma, polepole.

"Imeandikwa kila kitu, mayu."

"Imeandikwa na nani?"

"Nimenakili mwenyewe."

Nilimwelewa kabla sijatoa mkono mfukoni: nilikuwa nimewaletea karatasi nyingine yenye mwandiko ule ule.

Nsumba ntale aliniuliza kama nimekosa. Nikasema nimekosa. Nimelipima jibu hilo miaka mingi. Walinishtaki kwa kuuza, na sikuuza. Lakini nilichompa diwani hakikuwa changu. Siku ile sikupata nafasi ya kueleza tofauti hiyo, na hakuna aliyeitaka. Binti wa yule mzee alinimiminia maji nikanawa, nikapewa pande la nyama, nikala wakinitazama. Kisha wote wakala.

Sikumwambia mama kwamba ilinichukua muda mrefu kumsamehe. Naye hakuniomba msamaha. Alifariki wakati wa kuvuna pamba, wakati ambao hakuna anayependa kuacha shamba. Diwani hakuja, niliambiwa yuko kwenye kampeni, na baadaye alishinda tena. Majirani walifika wote, hata wale wa ng'ambo ya mto. Ardhi ilikuwa kavu kama tofali. Walichimba kwa kupokezana, wakitaniana kwa sauti ya chini, na walimaliza kabla jua halijawa kali.